Bwana Alivyonirudishia Macho ya Jioni

Bwana na apewe sifa, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu wote, mbukwenyi! Mimi ni Mama Yona. Siku hizi naishi hapa mjini, Nkuhungu, lakini haya yalinipata kijijini, mbele ya Mvumi, nilikoolewa.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa, na malori ya wafanyabiashara yakaanza kuingia hadi vijijini kununua karanga. Tuliuza kwa shangwe! Tukavaa kanga mpya, tukanunua redio na sabuni za kunukia. Karanga zikabaki za mbegu tu.

Nilikuwa na mimba ya Neema. Mchana niliona vizuri kabisa, hata sindano naitunga uzi. Jua likishazama, basi! Wenzangu bado wanataniana uani, mimi napapasa ukuta. Jioni moja nilipiga magoti nikaamkia kihenge cha mtama, "Shikamoo baba." Baba mkwe akaitikia kutoka upande wa pili, "Marahaba mwanangu, lakini mimi niko huku." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, kisha nikaingia ndani kulia.

Mama mkwe wangu alisema kuna mtu kanifunga macho. Tukaomba, tukafunga, tukakemea kila adui tuliyemdhania. Macho hayakufunguka! Halafu jioni nyingine nikapakua mlenda wa moto, nao ukapita pembeni ya bakuli, karibu kabisa na mguu wa Yona aliyekuwa amekaa pale. Ndugu zangu, nilimvuta Yona kifuani. Niliogopa kumwunguza mtoto niliye naye, na kumzaa mwingine nisimwone. Nikalia, "Bwana, huyo adui nionyeshe!"

Asubuhi mama mkwe akanisindikiza kliniki. Nesi hakuuliza habari za adui. Aliuliza ninakula nini.

"Mboga za majani, tena zetu za kukausha, kila siku!" nikajibu kwa majivuno.

"Mnazikaushia wapi?"

"Mama anazianika kwenye jiwe."

"Juani?"

Mama akadakia, "Sasa mboga huanikwa wapi, mwanangu? Kitandani?"

Nesi akacheka. "Na karanga mnaweka?"

Karanga gani tena! Karanga zilikwenda na lori.

Basi akatufundisha polepole. Majani ya kijani yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na macho huitegemea hiyo kuona kwenye mwanga hafifu. Jua kali hukiharibu. Mboga ikipauka, ujue kimepungua sana. Na hicho kidogo kinachobaki, mwili haukipokei vizuri bila mafuta. Nilikuwa nashiba, kumbe macho yana njaa! Tena mtoto tumboni naye anachota kwangu. Akanipa dawa ya kumeza kwa kipimo, akanionya nisizidishe, akasema mboga tuzikaushe kivulini na tuzipike kwa karanga.

Ndugu zangu, mimi nilimtafuta adui kijiji kizima, Bwana akanionyesha sufuria yangu!

Njia nzima mama alitangulia mbele kwa hatua ndefu. Tangu usichana wake alisifiwa kwa mboga zile za kwenye jiwe, na nilijua amechomwa. Tulipofika, hata maji hakunywa. Alikwenda jiweni akazizoa zote, akazitandaza ndani ya nyumba yetu ya tembe, kivulini. Kisha akazishusha karanga za mbegu, akaanza kutwanga. Siku lori liliporudi, mnunuzi akazitaka hata hizo, kwa bei nzuri. Mama akasimama mlangoni.

"Hizi haziuzwi. Ni za macho ya mkwe wangu."

Taratibu giza likaanza kuniachia. Kwanza niliona moshi wa jikoni jioni, kisha mbuzi wakiingia zizini, nami nikashangilia kila kitu kama mtoto!

Neema alizaliwa jua likizama, taa haijawashwa. Mama akamleta usoni pangu. "Unamwona?"

"Namwona, mama. Ana pua yako."

Mama akaketi chini, akalia kwa sauti.

Asante Yesu! Na wewe unayepapasa leo, mwamini Bwana, umwombe bila kuchoka. Halafu inuka uende kliniki, maana hata pale anakungojea.