Tundu kwenye Bendera ya Mama Jamaika

Ukishuka Rockey Street hapa Joburg kuelekea Bellevue, utafika kwenye robot, taa ya kuongozea magari, ambayo umeme ukikatika hubaki imetoa macho kama maiti aliyekosa wa kumfumba. Hapo geuza shingo kushoto. Utaona benchi refu lililokuwa la kanisa, siku hizi limeegemea ukuta wa spaza, kiduka cha mtaani. Mwisho mmoja iko cherehani ya kukanyaga ya Balthazar, Mrundi wa Bujumbura, ambaye kijiwe kinamwita Sindano. Mwisho wa pili yupo Pandu, Mpemba muuza kahawa, jina lake lilishamezwa na birika lake, naye sasa ni Birika tu. Katikati hukaa Théodore wa Bukavu, mlinzi wa usiku, anayeitwa Minista kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai, na Kidawa, msusi wa Kitanzania, anayeitwa Redio na hahitaji maelezo. Benchi lile likikupa jina, halikuvui. Mama Jamaika alikufa nalo.

Ijumaa hiyo ya Machi 2019, Sindano alikuwa amekunjua mapajani bendera kuukuu ya marehemu. Bintiye, Fiona, aliileta jana yake, akaomba ashonewe nyingine kubwa ya kufunika jeneza Jumamosi. Pembeni, kwenye kijani, panya walikuwa wamekula kipande chote chenye nembo, limebaki tundu linalopitisha ngumi. Fiona alisema kwa haraka kwamba hapo pana nutmeg, anko, akaingia garini kuwahi chumba cha maiti. Sindano aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia Kiingereza asichokijua. Tangu hapo umeme ulikatika, mnara wa simu nao ukalala, na simu ya Redio ilikuwa chali kwenye benchi kama mgonjwa anayesubiriwa azinduke.

— Rangi zenyewe zinasema, alianza Minista. Nyekundu, njano, kijani. Hiyo ni rasta. Na rasta ni wa wapi?

— Jamaika, akajibu Redio.

— Voilà. Kesi imekwisha.

— Lakini mtoto kasema kwao ni Grenada, Sindano akasema.

— Grenada ni kisiwa cha Jamaika. Kama Idjwi iko ya Congo. Kama Pemba iko ya Unguja.

Birika aliacha kumimina.

— Pemba haikuwa ya Unguja hata siku moja, bwana we.

— Mi natoa mfano tu.

— Mfano huo kamtolee mkeo.

Kila mtu pale alikuwa na kidonda chake cha namna hiyo. Mtaa mzima ulimwita Sindano Mkongo. Polisi walimwita Minista Mnaijeria, tai na yote. Birika walimwita Mbara, naye akasusa kahawa yake mwenyewe. Waliweza kumaliza birika zima wakilalamika kwamba watu wa hapa hawaulizi mtu ametoka wapi. Lakini Sindano alikumbuka siku ya kwanza ya Mama yule kwenye benchi. Alikuwa mjane wa Mzee Bakiri wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kilichovaa kofia ya ng'ambo. Alisema taratibu kwamba yeye si wa Jamaika. Redio akacheka, akamwambia huko kote si Jamaika tu, Mama? Akawasahihisha mara ya pili, na ya tatu. Baadaye akawa anaitika.

— Tuligawe neno, alisema Redio. Nati ni ile ya bolti. Meg ni zile megs za data. Kisiwa cha mafundi wenye mtandao.

— Wametuzidi, akasema Birika. Sisi leo hatuna hata hiyo moja.

Minista alirekebisha tai. Alisema yeye huangalia mpira wa Uingereza pale kazini, na mtangazaji akisema nutmeg, ujue mpira umepita katikati ya miguu ya mtu. Kwao wanaita petit pont. Redio akasema kwao ni tobo, na vijana wa hapa Joburg wanaita shibobo. Kwa mara ya kwanza benchi lilikubaliana.

— Ndiyo maana wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Birika, kana kwamba wahenga walikuwa na tiketi uwanjani.

— Nchi iweke tobo kwenye bendera? Sindano akauliza.

— Nchi ndogo, ndugu yangu. Haina jeshi. Inajivunia chenga.

Wakacheka. Kisha Minista akanyamaza, na Minista akinyamaza ujue anapika kitu.

— Ngoja. Sindano, wewe umesoma Kifaransa. Grenade ni nini?

Mguu wa Sindano ulisimama juu ya kikanyagio. Kwao wanaita gurunedi. Aliisikia ikianguka mtaani kwake mwaka ule aliotoka, na hadi leo mtu akidondosha sufuria, yeye huangalia kwanza mlango ulipo.

— Bomu hilo liko na umbo la yai, Minista akaendelea, na hili tundu pia. Nchi inaitwa Bomu, imeweka bomu.

— Mimi siweki bomu juu ya jeneza la mama yule.

— Ni nembo ya taifa. Mficha uchi hazai.

— Hazai, na mimi sishoni.

Redio akamwambia Minista asogee, anambania kivuli.

Saa zilikwenda, mnara haukuamka. Sindano aliona heri mpira kuliko bomu. Akakata duara la kitambaa cha njano, akalitia ufa mwekundu katikati kwa sababu mkono wake ulikataa kuacha kitu kitupu, akaanza kushona. Roho haikutulia. Babake alipenda kumsimulia kwamba bendera ya kwanza ya Burundi, ya wakati wa mfalme, ilikuwa na ngoma katikati, na mmea wa mtama. Mfalme akaondolewa, ngoma ikaondolewa, mtama nao haukukaa sana. Alipokuwa mdogo alimuuliza babake, na pale ilipokuwa ngoma? Babake akasema, palishonwa. Fundi mwenyewe sasa, Sindano alijua kwamba jibu lile lilikuwa fupi kuliko jeraha.

Akamkumbuka Mama Jamaika na kikombe chake. Alikuwa hanywi haraka. Alikishika chini ya pua, akafumba macho, akasema, inanukia kwetu. Nao wakaona ushahidi umetimia, maana nani asiyejua kahawa ya Jamaika inavyosifiwa?

Siku moja akafika mbali zaidi. Alisema mwaka aliokwenda kumzika mamake, tufani ilikikuta kisiwa.

— Upepo ulipokuja, miti ya babu ililala yote, alisema. Harufu ikabaki hewani. Hata kilio chetu kilikuwa kinanukia.

Akavuta pumzi ya kuendelea. Minista akawahi kusema kwamba kama miti ililala yote, basi kumbe na yenyewe ilikuwa walinzi wa usiku. Benchi likapasuka kwa kicheko. Mama naye akacheka, kwa adabu. Sindano alitaka kusema, endelea, Mama. Neno lilikuwa mdomoni. Uzi wake ukakatika, akainama kuutunga tena, na alipoinua kichwa Mama alikuwa anavuka barabara, mkoba kwapani.

Fiona alikuja mchana, ametoka kazini Sandton moja kwa moja, bado na kitambulisho cha benki shingoni juu ya gauni jeusi. Aliinua bendera mpya. Nyota zote saba zilikuwa mahali pake. Kisha kidole chake kikafika pembeni, kwenye kijani.

— Hii ni nini, anko?

Minista alitazama viatu vyake. Redio alitazama simu iliyozimika.

— Mpira, alisema Sindano.

Fiona hakukasirika, na hilo lilimuumiza Sindano zaidi. Birika, asiyejua kutoa pole kwa njia nyingine, akammiminia kikombe. Fiona akakiinua, akakishika chini ya pua, akafumba macho. Redio akashika mdomo wake, maana Fiona alikuwa mamake mtupu.

— Kuna nutmeg humu, Fiona akasema.

— Hamna kitu humo, mwanangu, alisema Birika. Kahawa, tangawizi, na kungumanga kidogo. Mie hutia kungumanga tangu nifike mji huu.

Alilisikia neno likitoka, akakaa chini. Akafungua kopo lake, akatoa kungumanga moja nzima ya kwao Pemba, bado imevaa basbasi, ule utando wake mwekundu, akaiweka kiganjani mwa Fiona. Fiona akasema nutmeg ndiyo hii, akaiweka juu ya kijani, pale pa tundu.

— Asiyejua maana, alianza Minista, lakini hakuimalizia. Safari hii methali ilikuwa imekaa mahali pake, na hakuizoea hali hiyo.

Sindano akafumua mpira. Akakata upya ganda la njano lililopasuka, na ndani yake ile nyekundu. Fiona alikaa nafasi ya mamake. Kwa Kiswahili kinachochechemea na Kiingereza cha kukishika mkono, aliwaambia kwamba zile nyota saba ni mitaa ya nchi yao, na visiwa viwili vidogo vimehesabiwa pamoja kama mmoja. Mamake alikuwa msichana bendera ya Mwingereza iliposhushwa, mwaka sabini na nne. Waliweka kungumanga kwa sababu ndiyo iliyowavisha na kuwasomesha. Birika akasema basi hao ni watu wa kweli, wameweka kwenye bendera kile walichoweka mezani, na kwamba kwao Pemba ingekuwa karafuu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alikaa na mama yule benchi moja na hakujua walikuwa majirani.

— Na miti ikaanguka karibu yote, Fiona akasema. Lakini kwenye bendera iko bado.

Sindano alikata uzi kwa meno, akamkabidhi. Fiona alipapasa nembo. Kuizunguka, vilionekana vitundu vya sindano vya ule mpira. Alivisugua kwa ukucha kama fundi mwenyewe, vingine vikafumba, vingine vikakataa.

— Kesho natakiwa kusema kanisani, alisema. Ile hadithi ya upepo. Mama kila akianza kunisimulia, mimi kazi, simu, mkutano. Mwisho akaniambia, usijali, nimeiacha kwa watu wangu wa kwenye benchi, wao wanasikiliza. Niambieni. Ilikuwaje?

Minista alilegeza tai yake, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Redio, ambaye hajawahi kukosa habari, aliinama akaokota kipande cha uzi ambacho hakikuwa na kazi.

Sindano akakohoa. Alikuwa na kipande kimoja tu, akakitoa kama kilivyo.

— Alisema upepo ulipokuja, miti ya babu ililala yote. Harufu ikabaki hewani. Hata kilio chao kilikuwa kinanukia.

Fiona aliegemea mbele, kungumanga imo ngumini.

— Halafu?

Robot ikawaka. Simu ya Redio ikazinduka, ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe, na hakuna aliyeigusa. Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, akalitikisa. Yakatoka machicha matupu.