Panga la Egau na Mihogo ya Mama Paddy

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Benedeta, Mama Paddy wa Molo. Mama Paddy, mhudumu wa kujitolea aliyewafuata wagonjwa wa akili majumbani mwao. Alifariki Jumatatu kwa kiharusi, akiwa na miaka hamsini na minne. Jana tulimzika.

Alizaliwa Busia, akauza mihogo mpakani, na ule mdomo wake wa utani aliupata huko huko. Mpaka ulimchapa, naye akajifunza kuucheka.

Lakini kwa jirani yake Amulen, Mama Paddy ni asubuhi moja tu. Miaka mitatu iliyopita, Egau, mwana wa Amulen, alimaliza siku tano bila usingizi. Sauti zilimwambia watu wanakuja kumchukua. Na siku hiyo watu walikuja kweli. Walikuja na marungu na kamba. Egau akasimama mlangoni, panga mkononi. Kamba ilikuwa ya Amulen, kamba ya mbuzi. Aliitoa mwenyewe, wamfunge mwanawe.

"Mama, toka hapo! Huyu iko na panga!" mmoja wa wanaume akamfokea Amulen.

Ndipo Mama Paddy akatokea, beseni la mihogo kichwani. Akaketi chini, hatua sita kutoka kwenye panga.

"Egau, baba, hilo panga linakata?"

Egau akalitazama panga.

"Nauliza kwa sababu nina mihogo, na wanaume wote hawa wamebeba marungu. Rungu halimenyi mhogo."

Mmoja akaguna kicheko, akakimeza.

"Wanakuja kunichukua," Egau akasema.

"Nawaona. Lakini mimi nimekaa hapa. Hakuna anayepita kabla hatujala."

Panga likapanda. Likashuka. Likamenya mhogo wa kwanza.

Beseni lilipokwisha, Nesi Nasifa alikuwa ameshafika kwa pikipiki kutoka kituo cha afya. Mama Paddy alikuwa amempigia simu kabla hajatoka nyumbani. Usiige nusu ya ushujaa wake, msikilizaji, ukasahau simu!

Tangu hapo, kila tarehe tisa, Egau alidungwa sindano ya dawa yake kituoni. Kila tarehe tisa, Mama Paddy alimsindikiza. Egau akilalamika, Mama Paddy alimwambia: "Lia, lia, nesi akuongeze ya pili." Amulen hakuwahi kwenda. Aliona haya.

Jana ilikuwa tarehe tisa. Asubuhi, msibani, mihogo imerundikwa, Egau akanyoosha mkono kuomba panga. Uwanja mzima ukamgeukia. Mama Paddy yumo ndani ya jeneza. Nani atakaa chini?

"Nilimwogopa mwanangu mwenyewe," Amulen anasema. "Sifichi."

Akalichukua panga. Akampa. Akaketi ubavuni pake, karibu kuliko hatua sita.

Egau akamenya mpaka rundo likaisha. Akapangusa mikono.

"Mama, leo tarehe tisa. Nani ananipeleka?"

"Simama twende," Amulen akajibu. "Na ukilia, namwambia nesi akuongeze."

Walirudi kabla jeneza halijashushwa. Egau akatupa udongo, mkono aliodungwa ungali unamuuma.

Paddy, na jamaa wote wa Molo na Busia, poleni sana. Mungu amlaze pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Kila kijiji kina Egau wake, na kamba iko karibu kila wakati. Ile kamba ni ya mbuzi. Mwachieni mbuzi.