Barnabas Wandera na Mtaro wa Skuta ya Chini

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Barnabas Wandera atastaafu na kurudisha ufunguo wa stoo ya vifaa, miaka thelathini na minne tangu akabidhiwe. Karani wa stoo amemwomba arudishe pia futi ya kupimia aliyoazima mwaka 1998. Mazungumzo yanaendelea.

Alifika kwenye baridi ya Nyeri kutoka Butula, magharibi mwa Kenya, mwaka 1991 kama fundi msaidizi wa mitaro, akiwa na koti jembamba na imani kwamba Julai ni mwezi wa joto. Kikuyu alifundishwa na vibarua wa kuchimba, ndiyo maana ilimchukua muda kujua ni maneno gani hayasemwi kanisani. Tangu hapo amesimamia mitaro kutoka Karatina hadi Othaya. Mvua ikianza, sisi wengine hukimbilia ndani. Yeye huvaa gambuti na kutoka.

Kazi tutakayomkumbuka nayo zaidi ni mtaro wa Skuta ya chini, mtaa ulio bondeni hapa Nyeri. Huko, maji ya mvua ya mtaa wote wa juu yalikuwa yakiingia nyumbani bila kubisha hodi. Kila masika magodoro yalipandishwa juu ya meza, na shule ya chekechea ya Mwalimu Tabby Kagure ikafungwa wiki mbili. Mwishowe mwalimu alitangaza kwamba yakiendelea kuingia, ataifunga kabisa.

Barnabas aliandika mpango wa mtaro mara nne, na mara nne bajeti ikaisha kabla ya kufika ukurasa wetu. Akaona maneno hayatoshi. Baada ya kila mvua kubwa alipita nyumba kwa nyumba na rangi nyekundu, akichora mstari pale maji yalipofika na kuandika tarehe. Mwalimu Tabby alilalamika: "Mzee, ukuta yangu si ubao! Nitapata mzazi gani hapa?" Alichorewa hata hivyo, mistari minne.

Februari 2023 kamati ya kugawa fedha ikakubali kuja kujionea. Hapo ndipo tulipokaribia kushindwa, tena kwa ukarimu wetu wenyewe. Sehemu hizi mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Jumamosi, mwenyekiti wa wakazi, Bwana Kinyua, aliwakusanya watu: wakafyeka, wakamwaga changarawe, wakapaka kuta rangi ya krimu, ndani na nje. "Ati wageni wakute aibu? Zii!" Jumatatu Barnabas alifika na kamati, akakuta mtaa unang'aa kama siku ya harusi. Ushahidi wa miaka minne ulikuwa chini ya rangi mpya. Mkuu wa kamati aliangalia huku na huku, akauliza kwa upole kama dereva hajapotea njia.

Barnabas aliwaongoza hadi shule ya chekechea. Alikumbuka kwamba Mwalimu Tabby, kwa kuwaonea wazazi haya, alikuwa amesukumia kabati la vitabu kwenye ile mistari yake. Na amekaa nasi muda wa kutosha kujua kwamba kwa kazi ya haraka ya Jumamosi, hakuna anayepaka nyuma ya kabati. Akaomba watu wawili walisogeze. Mistari minne ilikuwa pale, na tarehe zake. Mkuu wa kamati alisimama kando ya ule wa juu, akauona unamfika kwenye mkanda wa suruali, kisha akavitazama viti vya watoto. Fedha za mtaro zikapitishwa.

Mtaro ulikamilika Machi 2024: mita mia nane za zege na kalvati mbili za kupitisha maji chini ya barabara. Aprili mvua ilishuka kwa hasira. Watu walisimama milangoni na miavuli, wakitazama maji kama wanaotazama mbio. "Yamepita! Yamepita!" alipiga kelele Bwana Kinyua, utadhani ndiye aliyeyasukuma. Shule haikufungwa hata siku moja. Siku hizi Mwalimu Tabby analalamika kwamba watoto wamezidi madawati.

Tulidhani Barnabas angerudi Butula. Kumbe amenunua ploti Skuta ya chini, ile ya mwisho kabisa bondeni, ambayo kwa miaka ishirini hakuna aliyeitaka hata ya bure. Msingi umeshamwagwa, na hakuuinua hata inchi moja zaidi ya kawaida.

Asante, Bwana Wandera. Uishi humo miaka mingi na jamaa zako, miguu mikavu.