Castory Damian Luambano, Bwana Ng'oa wa Tongoni

Marehemu Castory Damian Luambano alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1934 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge karibu na Pongwe, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Damian Luambano na Mama Skolastika. Wazazi wake walitoka Songea mwaka 1929 kwa mkataba wa kukata mkonge. Mkataba uliisha, wao hawakurudi. Mama yake alilima kipande cha ardhi nyuma ya mabanda ya kambi, mahali ambapo msimamizi hakuwa na sababu ya kufika, na humo alichanganya mahindi, kunde, maboga na muhogo. Kipande hicho ndicho kilichomlisha marehemu utoto wake wote. Jambo hili limewekwa hapa mwanzoni kwa sababu yeye mwenyewe alilisahau kwa miaka mingi, na aliagiza lisemwe.

Aliagiza pia kwamba jina la Bwana Ng'oa lisiachwe. Baadhi ya wanandugu walipenda liachwe. Limebaki, na sababu yake itaonekana.

Marehemu alianza shule ya misheni mwaka 1943 na kumaliza darasa la nane mwaka 1951. Kwa miaka mitatu alikuwa karani wa mizani katika shamba lilelile alilozaliwa. Mwaka 1955 alichaguliwa kusomea cheti cha kilimo, akahitimu Desemba 1956. Katika somo la upimaji wa mashamba alikuwa wa kwanza, na zawadi yake ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo kwa umbali wa shimo moja la mbegu. Aliitunza kamba hiyo kwa miaka ishirini na tisa. Aliipaka mafuta kila mwisho wa msimu, na watoto wake walikatazwa kuirukia.

Alifunga ndoa takatifu na Praxeda Mbawala tarehe 26 Agosti 1961. Mungu aliwajalia watoto watatu: Anastazia, Noa na Dorkasi.

Alianza kazi ya bwana shamba Januari 1957 wilayani Handeni, akahamia Pangani, na mwaka 1975 akapelekwa Tongoni. Hiyo ndiyo miaka ya kampeni ya mahindi. Maagizo yalikuwa wazi: mbegu chotara, mbolea ya chumvichumvi, dawa ya kupulizia, mistari iliyonyooka, na zao moja tu shambani. Mashamba ya kando ya barabara yalitiliwa mkazo kuliko mengine, kwa kuwa ndiyo yaliyoonekana kutoka ndani ya gari. Marehemu hakuwa mtu wa kutekeleza tu. Aliamini. Alipanda baiskeli kabla ya jua na kurudi na vumbi hadi kwenye kope, na kila shamba alilipima kwa kamba yake mwenyewe.

Alhamisi tarehe 12 Mei 1977, wageni kutoka mkoani wakitarajiwa Jumamosi, alifika na mgambo wawili katika shamba la Bi Mwatima Sadalla. Bi Mwatima alikuwa mjane mwenye watoto wanne, aliyehamia Tongoni kutoka Pemba, na shamba lake lilikuwa ekari moja kando ya barabara. Mahindi ya mistari yalikuwepo. Katikati yake kulikuwa na mbaazi, kunde na muhogo wa miezi sita. Waliokuwepo wanakumbuka maneno haya:

"Bwana Shamba, mahindi yako nimeyapanda, hayo hapo. Na hivi vingine vimekukosea nini?"

"Vinanyonya mbolea, Bi Mwatima."

"Mbolea yenyewe iko wapi?"

"Inakuja."

Vyote visivyokuwa mahindi viling'olewa kabla ya adhuhuri na kurundikwa barabarani. Bi Mwatima alimwita Bwana Ng'oa hapohapo, mbele ya watu, na jina likashika. Gari la wageni liliharibika njiani, hawakufika. Mbolea ilifika Agosti, mahindi yakiwa yameshaanguka. Mwaka ule Bi Mwatima alishindwa kulisha watoto wanne. Alimpeleka binti yake wa pili, Samira, aliyekuwa na miaka tisa, kulelewa na ndugu zake Pemba. Samira alikulia huko, akaolewa huko, na hakurudi kuishi kwa mama yake tena.

Marehemu alipata habari za Samira miaka saba baadaye. Kilichomfikisha huko kilianzia jikoni kwake.

Baada ya vita vya Uganda mafuta yalikuwa haba, na lori la pembejeo lilikuja wakati wake lenyewe. Mbegu ziliwahi kufika Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Watu walipanga foleni kwenye duka la ushirika kwa unga wa yanga, mahindi ya njano ya msaada. Mwaka 1984 mvua ilikatika mapema, na mahindi ya kando ya barabara, kutoka Tongoni kwenda kusini, yalikauka yakiwa kimo cha magoti. Lakini nyumbani kwa bwana shamba chakula hakikukosekana. Siku moja, akiwa ameshiba, aliuliza:

"Mama Anastazia, muhogo huu unatoka wapi?"

"Kwa Mzee Uweso."

"Uweso hana muhogo. Shamba lake nalijua mimi, ni mahindi matupu."

"Hilo la barabarani. La nyuma hujapelekwa."

"La nyuma lipi?"

Mama Praxeda aliweka mwiko chini. "Baba Anastazia, miaka yote hii ulidhani tunakula nini? Mistari?"

Kesho yake marehemu alimwendea Mzee Uweso, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, akaomba kupelekwa. Mzee Uweso alimpitisha kwenye mkonge ulioachwa, ambako hakuna gari lililowahi kupita, akamwambia, "Karibu, Bwana Shamba. Lile la mbele tulikulimia wewe. Hili letu." Mbaazi zilikuwa zinachanua. Chini yake kunde zilikuwa zimetambaa na kufunika udongo, na muhogo ulikuwa ukingoja ardhini, hauhitaji ghala wala kibali. Marehemu alichimbua kwa kidole, kikaingia mpaka kifundoni bila shida, mwaka ambao jembe lilikuwa likiruka kwenye shamba la barabarani. Kwa siku tatu alitembezwa. Karibu kila kaya ilikuwa na shamba la nyuma. Wote waliyaficha kwa adabu, wakaendelea kumwamkia kila asubuhi na kumwonyesha mistari.

Aliuliza ni kaya ipi haina. Mzee Uweso alimtajia moja. Bi Mwatima hakuwa na la nyuma. Ile ekari ya barabarani ndiyo yote aliyokuwa nayo. Ndipo alipoambiwa habari za Samira.

Alimwendea Februari 1985.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, Bwana Ng'oa. Leo mgambo umewaacha wapi?"

"Nimekuja peke yangu. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi!" Alimtazama toka viatu hadi kofia. "Siku ya kung'oa ulikuja na jembe. Ya kuomba radhi umekuja na mdomo mtupu?"

Bi Mwatima akampa masharti yake: arudishe kila alichong'oa, kwa mikono yake mwenyewe, asilete kibarua, na siku atakayotosheka yeye Bi Mwatima atamwambia.

Jumamosi iliyofuata alirudi na jembe, mbegu za mbaazi alizoomba kwa Mzee Uweso, na kamba. Alinyoosha kamba toka mwanzo wa shamba hadi mwisho na kuanza kupanda kwenye mafundo. Hakukusudia ubaya, mikono yake haikujua namna nyingine. Bi Mwatima alikaa kizingitini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Bwana Ng'oa, hiyo kamba unamfungia nani? Mbaazi zitatoroka?"

Aliichukua akaenda kumfungia mbuzi wake. Kamba iliyopata zawadi chuoni ilimalizia kazi shingoni mwa mbuzi, na marehemu alijifunza upya, akiwa na miaka hamsini, wapi pa kuweka mbegu: kunde palipo na jua la asubuhi, muhogo pasipotuama maji, mbaazi pale ambapo mwaka uliopita mahindi yalikula udongo. Samadi ilitoka kwa mbuzi yuleyule.

Alifanya hivyo kila Jumamosi ya msimu kwa miaka kumi na mmoja. Kila baada ya mavuno aliuliza, "Bi Mwatima, imetosha?" Bi Mwatima alijibu, "Bado." Baada ya hapo walikula.

Kazini aliandika taarifa kwa wakubwa wake mara nne, akieleza alichokiona nyuma ya mkonge. Hakuna taarifa iliyojibiwa. Mwaka 1993, serikali ilipopunguza wafanyakazi, jina lake lilikuwa kwenye orodha. Familia ilihamia Makorora, mjini, na Tongoni ikawa kilomita kama kumi na nane kwa baiskeli. Aliendelea kwenda. Mwaka 1994, soko likiwa huria, kijana wa kampuni moja ya pembejeo alifika Makorora kumwomba awe wakala, kwa vile wakulima wanamjua. Alikuja na chupa za dawa zenye maandishi ambayo hakuna mkulima wa Tongoni angeweza kuyasoma, mbegu ambazo hazifai kuhifadhiwa kwa msimu wa pili, na ahadi ya pikipiki. Marehemu alikuwa hana mshahara. Alimkaribisha chai, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi nimeshawahi kuwa wakala." Yule kijana aliondoka na chupa zake. Wapo wengine wa kampuni hiyo walioingia vijiji vingine na kukaribishwa, na yaleyale yaliyoletwa kwa amri sasa yanaletwa kwa bei. Wasifu huu unasema hivyo kwa kuwa marehemu alisema hivyo, katika ofisi za serikali na nje yake, hadi alipoishiwa nguvu.

Hakuanzisha chama wala hakuandika kitabu. Alitembea nyumba kwa nyumba akiwaomba watu walete shamba la nyuma mbele. Wa kwanza kukubali alikuwa Mzee Uweso, mwaka 1988. Kufikia masika ya mwaka jana kaya thelathini na moja zilikuwa zimechanganya mazao kando ya barabara, bila kujificha. Aliyetaka kuhesabu angeweza kufanya hivyo akiwa ndani ya gari.

Marehemu alianza kuugua figo Januari mwaka huu. Alitibiwa Hospitali ya Bombo na kuruhusiwa, akalazwa tena Aprili. Kwa miaka ishirini alichanganya na kupulizia dawa za mimea bila glovu, kama alivyofundishwa. Daktari hakutaja chanzo cha ugonjwa, na wasifu huu hautataja ambacho daktari hakukitaja. Aliwahi kupanda muhogo upande wa baharini wa shamba la Bi Mwatima mwezi Machi, akiwa amekaa chini, akisogea kwa makalio. Palizi ilipowadia hakuweza kuinuka kitandani.

Wiki mbili zilizopita alimtuma mpwa wake, anayesoma wasifu huu, kwenda Tongoni kuuliza swali lilelile. Mpwa alifika kwa hasira na kuuliza vibaya.

"Bibi, mzee anakufa. Neno moja tu linakushinda?"

"Shikamoo umeiacha Makorora?" alijibu Bi Mwatima. Alipoamkiwa akasema, "Kamwambie muhogo wa upande wa baharini umeingiliwa na majani. Ainuke aje apalilie."

Ujumbe ulifikishwa kama ulivyo. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Hakuuliza tena.

Alifariki dunia Jumapili tarehe 19 Mei 1996, saa kumi na moja alfajiri, katika Hospitali ya Bombo, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Jumatatu, kabla wasifu huu haujapigwa chapa, ulipelekwa Tongoni na kusomwa mbele ya Bi Mwatima, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kusema kama habari zake zimeandikwa sawa. Alisikiliza macho yameelekea shambani. Ulipofika mwisho alisema, "Umeandika aling'oa. Hukukosea. Sasa andika na alipanda. Alipanda mpaka mimi nikachoka kumpikia."

Aliulizwa kama imetosha.

"La Samira halipandiki," alisema. "Hilo nitakwenda nalo. La shamba lilitosha zamani, mwaka wa tatu."

"Mbona hukumwambia, bibi?"

"Ningemwambia, angekuja tena?"

Marehemu hakulisikia neno hili. Linasomwa leo, Jumatano tarehe 22 Mei 1996, mbele ya jeneza lake, na Bi Mwatima amekaa mstari wa pili, karibu na Mama Praxeda.

Marehemu ameacha mjane, Mama Praxeda, watoto watatu, Anastazia, Noa na Dorkasi, wajukuu watano, na dada mmoja. Ameacha pia Bi Mwatima Sadalla, aliyeomba atajwe kwa cheo chake, mwenye shamba.

Castory Damian Luambano, apumzike kwa amani. Zamu yake imekwisha. Upande wa baharini bado haujapaliliwa. Bi Mwatima ametupa Jumamosi hii, saa moja asubuhi, na anasema kila mtu aje na jembe lake.