Matambara ya Dirishani kwa Gradimir

Kwanza nipe mkono, uapie macho yako: hili halitoki hapa. Likitoka, mimi sikujui na wewe hunijui. Haya. Mwezi wa tisa, mtaa wetu mzima unanuka pilipili hoho za kuchoma, kila ua na jiko lake, watu wanapika ajvari ya kupaka mkate mpaka baridi iishe. Miaka thelathini hakuna sufuria iliyoepuliwa Gradimir hajaionja. Mwaka ule Gradimir kalala tu, wiki ya saba hiyo. Kumu wake Radisav, aliyemshikia pete harusini, kakaa benchini na kibirika cha kahawa, anawasikiliza wenzake.

— Upepo wa dirisha kwa dirisha huo, alisema Zivota. Wanamwita Daktari kwa sababu aliendesha gari la wagonjwa. — Ukikupiga shingoni, unapanda ubongoni. Kwisha habari yako.

— Si tuliziba madirisha yote kwa matambara? alidakia Stamenka, jirani yake Gradimir. — Mpaka tundu la ufunguo nimelitia pamba!

— Ndo hivyo sasa, upepo mmeufungia ndani naye!

— Mtu ana huzuni tu huyo. Anamlilia marehemu mkewe.

— Hapana, dada, alisema Radisav. — Mkewe alipokufa alilia mpaka kola ikalowa, kisha akala supu sahani mbili, akamcheka padri alivyojikwaa. Sasa hajafiwa na mtu. Binti yake kajifungua mapacha! Nimempelekea picha, kaitazama kama ratiba ya basi.

— Mapacha! Jicho baya hilo!

— Ini, alisema Daktari. — Ini likilala, mtu analala. Tumwoze. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

— Mwana gani, we? Ana miaka sitini na minane!

— Methali haiulizi cheti cha kuzaliwa.

— Basi minara ya simu hiyo, alisema Stamenka. — Tumvishe sufuria kichwani, izuie mawimbi.

— Ya ajvari?

— Tutaiosha kwanza!

Hapo akatokea Jagoda, mpangaji mpya, kaja kuazima mwiko.

— Samahanini, wazee wangu. Huyo mzee mara ya mwisho kucheka lini?

Daktari kaangalia viatu vyake. Stamenka kahesabu vidoleni, kaacha. Radisav akarudi nyuma kichwani, mwezi kwa mwezi. Hata siku ile Daktari alipokalia trei ya pilipili za moto, mtaa ukagaagaa kwa kicheko, Gradimir alikuwa hapohapo, uso mkavu kama ubao.

Radisav kamimina kahawa iliyobaki, kapanda ngazi nayo mpaka kwa Gradimir. Chumba cheusi kama tanuri! Kavuta matambara, kafungua dirisha.

— Upepo! alipiga yowe Daktari kule chini. — Wauaji!

— Kumu, una huzuni?

— Ingekuwa huzuni ningelia, nikamaliza. Hamna kitu, Radisav. Jana nimeonja ajvari ya Stamenka. Kama nalamba ukuta. Halafu naona aibu, na hata sijui ya nini.

 Radisav akakaa kitandani, akamshika mguu juu ya blanketi.

— Kesho tunakwenda kwa daktari.

— Si Zivota lakini.

— Wa kweli.

— Nimesikia! ilikuja sauti dirishani. — Na mimi je?

— Wewe utaendesha!

Mdomo wa Gradimir ukacheza upande mmoja. Sikudanganyi, si kicheko. Kicheko kilingoja mpaka theluji, baada ya vidonge na mazungumzo ya kila Alhamisi na mama mmoja daktari. Siku ya kwanza Zivota aliwapeleka, vioo vyote kavifunga upepo usiingie, wamevuja jasho kama pilipili za kuchoma zilizofungiwa mfukoni.

Nani kaniambia? Stamenka. Alimfuata Radisav ngazini, akawa mlangoni kwa Gradimir, anatoa pamba yake kwenye tundu la ufunguo. Polepole sana.