Kamba Nyekundu ya Boti Namba Nne

Kijiwe chetu ni ubao wa kukalia uliotolewa kwenye boti iliyooza, ukawekwa juu ya matofali manne, ukaegemezwa kwenye ukuta wa ofisi ya kukodisha boti ndogo. Nauza kahawa hapo tangu mwanangu alipofikisha miezi minne. Sasa ana mwaka mmoja na miezi miwili, na magego yanamtoka. Wanaokaa pale ni walewale. Yupo Risiti, anayewakodishia boti wageni wanaokuja kisiwani kupumzika. Anaitwa hivyo kwa sababu kwake kila jambo ni karatasi na sahihi. Yupo Bendera, kazi yake kupandisha bendera gatini, ya kijani bahari ikitulia na nyekundu ikichafuka. Yupo Mabegi, mchukuzi wa mizigo wa hotelini, anayedai kuwa akilinyanyua sanduku lako amekujua wewe na ukoo wako. Na yupo Fundi wa injini, ambaye ni mume wangu, ndiyo maana wengine wote huniita shemeji. Mimi sichangii. Namimina kahawa, nasikiliza.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya tatu tangu afe mgeni aliyekodi boti namba nne. Mkaguzi wa usalama alikuwa anakuja na meli ya saa nne, na kabla hajatia mguu gatini, wanakijiwe walitaka wawe na neno moja. Risiti alikuwa ameshawaambia kwamba kosa likionekana ni la ofisi, ofisi itafungwa na mtu atafungwa. Hakusema mtu gani. Mume wangu alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake kama mtu aliyedondosha kitu humo.

— Tuanze upya, alisema Risiti. Mgeni alisimama. Sawa? Boti inakwenda, yeye akasimama.

— Alisimama afanye nini? Bendera aliuliza.

— Apige picha. Wageni wote wanasimama kupiga picha.

— Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wa mkewe.

— Basi alisimama kujinyoosha! Wewe vipi? Unanihoji kabla ya mkaguzi?

— Nakuzoesha, bwana. Mwenzio ndivyo atakavyouliza.

Mabegi aliweka kikombe chini, akafuta midomo.

— Sikilizeni. Sanduku la yule bwana nililibeba mimi. Lilikuwa jepesi, jepesi kabisa. Watu wawili, siku saba, sanduku moja ambalo hata mtoto wa shemeji angelivuta. Mtu wa namna hiyo ana haraka. Na mwenye haraka hakai chini.

— Haya, tumwambie mkaguzi kwamba marehemu aliuawa na sanduku, alisema Bendera.

— Cheka. Miaka kumi na tisa nabeba mizigo. Wewe unabeba nini? Kitambaa!

— Kitambaa hicho ndicho kinachowaambia watu waende au wasiende.

— Enhe! Hapo hapo ndipo ninapopataka. Siku ile saa tano asubuhi kilikuwa rangi gani?

— Kijani.

— Na saa sita?

Bendera alijikuna shingo.

— Kijani.

— Na kofia za watu zinaruka gatini kama kunguru.

— Upepo ulianza nikiwa nimekaa hapa! Kwani si shemeji alikuwa ndiyo kwanza ananimiminia kikombe cha pili? Shemeji, si kweli?

Nilitikisa kichwa kwamba ni kweli. Basi na mimi nikawa nimo.

Mwanangu alikuwa amekaa kwenye mkeka miguuni pangu akitafuna kamba yake. Ni kamba nyekundu ya plastiki, imejiviringa kama springi. Ukiivuta inarefuka, ukiiachia inarudi. Baba yake alimletea kutoka karakana. Hakuna kitu anachokipenda kama hicho. Usiku akiamka analia, namwekea kiganjani, ananyamaza.

— Mimi naona tusitafute mbali, Mabegi alisema. Tatizo ni namba nne yenyewe. Nani hapa hajui kwamba zamani ilikuwa namba tisa?

— Nyamaza, alisema Risiti.

— Ilizama, ikaopolewa, ikapakwa rangi, ikaitwa nne. Unadhani boti haijijui?

— Na injini yake, Bendera akadakia, ilitoka kwenye boti ya yule mzee aliyekufa maji. Injini kama ile inatafuta mtu wa kufuatana naye. Nimewahi kuisikia inanguruma peke yake, imefungwa, haina hata tone la mafuta.

— Ulikuwa umelala.

— Nilikuwa macho kama ninavyokutazama sasa!

Wote wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kama kikohozi. Mume wangu peke yake hakucheka. Akasema neno lake la kwanza tangu asubuhi.

— Jaketi zima la kuelea lilikuwa moja.

— Fundi, kunywa kahawa, alisema Risiti.

— Mengine yote vifungo vimekatika. Nilikuonyesha mwezi uliopita. Yule bwana alilijaribu lile moja, likamkaa vizuri, kisha akalivua akamvisha mkewe. Nilikuwa nimeishika kamba ya boti, nikamwona.

Risiti akafungua jalada lake, akatoa fomu, akaigonga kwa kidole.

— Hapa. Soma. "Nimepewa maelezo ya kutosha." Sahihi hii hapa. Alitia mwenyewe, kwa kalamu yangu.

— Maelezo yenyewe ulimpa yapi? aliuliza Bendera.

— Ya siku zote. Vuta hapa iwake, sukuma huku iende, kile kisiwa kidogo kiko mbele, usikose chakula cha mchana. Nikamuuliza kama amewahi kuendesha boti, akasema anaendesha gari. Nikamwambia hii ni rahisi kuliko gari, haina hata breki.

Nilikuwepo aliposema hivyo. Yule mgeni alicheka sana, na mkewe akacheka.

— Na tukiulizwa kuhusu kamba? mume wangu aliuliza.

— Kamba gani? Risiti alijibu, macho makavu. Mimi sijui kamba yoyote.

Kamba ninaijua mimi, kwa kuwa mume wangu alinieleza siku alipoileta nyumbani. Kila injini ya boti ndogo ina kibanio kidogo cha plastiki kilichochomekwa kwenye swichi, na kwenye kibanio imefungwa kamba nyekundu. Upande wa pili wa kamba, anayeendesha anajifunga mkononi. Akianguka majini, kamba inakwenda naye, kibanio kinachomoka, injini inazima palepale. Ni hivyo tu. Lakini wageni hawatulii. Mmoja anageuka kuangalia samaki, mwingine anafuata kofia, kibanio kinachomoka, injini inazima, nao wanapiga simu ofisini kwamba boti imekufa katikati ya bahari. Mume wangu anaifuata kwa boti nyingine, anafika, anarudisha kibanio kwa kidole kimoja, anarudi. Mwezi mmoja alikwenda mara kumi na moja. Ndipo Risiti akamwambia: kata kamba zote, acha vibanio mahali pake, tupumzike. Mume wangu akachukua plaizi akapita boti zote sita. Tano akazitupa. Ya boti namba nne akamletea mwanawe, anayeota meno.

— Vibanio mkaguzi ataviona, mume wangu alisema. Vimo, na kamba zake zimekatwa.

— Kamba zilikatika kwa jua, alisema Risiti.

— Zote sita?

— Jua ni moja, linawaka juu ya boti zote.

— Afadhali useme panya, Bendera akashauri. Panya anatafuna chochote.

— Panya gani anakwenda baharini?

— Basi wageni ndio walioziiba, alisema Mabegi. Wanapenda ukumbusho. Hotelini kwetu wanachukua hadi sabuni iliyokwisha kutumika.

— Hiyo nzuri, alisema Risiti, akaiandika.

Nilimtazama mwanangu. Kamba ilikuwa imelowa mate mpaka inang'aa. Nikavuta kanga nikamfunika magoti, na mkono wake pamoja.

— Ila mnazunguka tu, alisema Mabegi. Hamtaki kusema lililo wazi. Kwenye boti walikuwa wangapi?

— Wawili.

— Aliyerudi ni nani?

— Mkewe.

— Jaketi alikuwa nalo nani?

Bendera aliachama.

— Acha hizo, Mabegi.

— Niache nini? Sanduku jepesi kwa sababu mmoja alijua kwamba kurudi atarudi peke yake. Mke alimsukuma. Kisha akajifanya hajui kuzima injini. Miaka kumi na tisa, bwana, nimeona mengi. Alimsukuma!

— Jamani, alisema Bendera kwa sauti ndogo, akakodolea macho kona ya ukuta.

Mke wa marehemu alikuwa amesimama pale. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alikuwa amevaa gauni la maua makubwa ya njano, gauni la kupumzikia, kwa sababu hakuna anayekwenda likizo akafungasha nguo za msiba. Mkono wa kushoto ulikuwa na alama nyeusi kutoka kiwiko hadi begani.

Wote walisimama.

— Pole sana, mama, alisema Risiti.

— Pole, mama. Mungu akupe nguvu, alisema Mabegi, na sauti ilimtoka vizuri tu.

— Asanteni. Kaeni, msisumbuke. Naweza kupata kahawa?

Nilimmiminia. Alikaa mwisho wa ubao, karibu nami, akashika kikombe kwa mikono miwili.

— Sikuja kugombana na mtu, alisema. Naondoka na meli hii ya saa nne, na maiti ya mume wangu wanaipakia humo. Ila mkaguzi ataniuliza, na wako nyumbani watoto watakaoniuliza zaidi yake. Kuna kitu kimoja kimenikaa. Niwaulize nyie mnaozijua boti.

— Uliza tu, mama, alisema Risiti.

— Wimbi lilitupiga tukiwa tunakata kona, akaanguka. Alikuwa amekaa. Alianguka vizuri, alikuwa anajua kuogelea. Alitoa kichwa, akanipungia mkono, akacheka. Na mimi nilicheka. Nikajua sasa boti itasimama, atapanda, tutakwenda kusimulia. Haikusimama. Ilijigeuza yenyewe, ikaanza kuzunguka, ikamrudia. Nilibonyeza kila kitu nilichokiona, nikavuta kila kitu, naanguka, nainuka. Ilimpitia na yale mapanga yake yanayozunguka majini, na bado ikaendelea kuzunguka.

Alikunywa kidogo.

— Pale kwenye injini kuna picha imefifia. Mtu amekaa, ana kitu mkononi. Mimi nilidhani ni saa. Sasa ninachouliza ni hiki tu: mtu akianguka majini, injini inazimwa na nani?

Bendera alitazama gati. Mabegi alitazama viatu vyake. Risiti alifungua jalada, akalifunga.

— Mama, ile fomu mliyoitia sahihi…

— Nimeisoma usiku wote. Haisemi.

Mume wangu alikuwa amekaa mikono katikati ya magoti. Midomo yake ilicheza, nikadhani anasema.

Ndipo mwanangu akajivua kanga, akarusha kamba. Ni mchezo wake, anarusha ili arudishiwe. Iliangukia mbele ya viatu vya yule mama. Aliinama akaiokota. Aliivuta kidogo, ikarefuka, akaiachia, ikajikunja. Nafikiri ni mara ya kwanza kwa siku tatu uso wake kulegea. Akaifuta mchanga kwa pindo la gauni lake, akamrudishia mtoto mkononi.

— Usimwache aitie mdomoni, alisema. Ina chumvi.

— Ndiyo, mama, nikasema.

— Wewe unayeuza kahawa uko hapa kila siku, binti. Unawasikia wakiongea. Hujawahi kusikia inazimwa na nani?

Nilikuwa najua. Nilikuwa najua kuliko wote waliokaa kwenye ubao ule, ukimtoa mmoja. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilikuwa limeshafika hapa kooni: hiyo uliyoishika. Nikamwangalia mume wangu. Hakunikataza. Afadhali angenikataza. Alinitazama kama anavyonitazama mtoto akiamka usiku, ananingoja mimi ninyanyuke.

Yule mama alingoja kidogo. Alipoona sijibu, alininyooshea kikombe.

— Basi niongezee kidogo, kabla meli haijafika.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

Alisema haidhuru. Aliweka kikombe kwenye ubao taratibu, kisiinamie upande, akaaga kila mtu, hata Mabegi, akaelekea gatini. Meli ilipiga honi. Risiti aliingia ofisini kutafuta kalamu. Bendera alikwenda kupandisha bendera ya kijani, na siku hiyo kweli bahari ilikuwa imetulia. Mume wangu alibaki amekaa.

Nilimfunga mwanangu mgongoni. Alikuwa amesinzia, na ile kamba ameizungusha mwenyewe kwenye kifundo cha mkono, mizunguko miwili, kama kwenye ile picha. Nikachukua birika nikaenda nalo nyuma ya ofisi, mahali ambapo hakuna wa kuniona, nikaanza kumwaga kahawa. Ilichukua muda mrefu kuisha.