Mzee Ndambiri na Kisima cha Watoto

Wazazi, majirani na watumishi wa Mungu, mimi ni Gachoki, mtoto wa dada ya marehemu, na kabla sijasoma tarehe nilizopewa na familia, naomba niseme kwamba kuna jambo moja katika maisha ya mjomba ambalo nimelifikiria tangu Juni bila kupata jibu, nalo ni kwa nini alijua habari ya maji yetu miaka minne akanyamaza.

Mzee Josphat Ndambiri Njoka alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 karibu na Kiritiri, akasoma shule ya msingi hapa kuanzia 1961 hadi 1967, baadaye akajifunza ufundi wa pampu mjini Embu, kazi aliyoifanya tangu 1974 hadi alipostaafu mwaka 2008. Tarehe 9 Desemba 1978 alimwoa Cicily Igoki kanisani Githongo, wakajaliwa wana wawili, Njoka na Mutuma. Njoka alifariki tarehe 3 Aprili 1988 akiwa na miaka saba, kwa homa ya matumbo iliyotokana na maji ya mto, na tangu siku hiyo marehemu hakuweza kumwona mtoto akiinamia mto bila kumfokea.

Mwaka 2010 alituongoza kuchimba kisima kirefu kilicho pale langoni, na kwa kuwa pampu ilikuwa dhaifu, kamati yake iliamua kwamba maji yale ni ya watoto kwanza, sisi wakubwa tuendelee na ya mto, naye akapita nyumba kwa nyumba akiwahimiza akina mama wayachemshe sana na kuwakorogea uji watoto wachanga. Homa ya matumbo iliisha. Lakini watoto hao walipoota meno ya ukubwani, yalitoka na madoa ya kahawia, mengine yakimeguka kama chaki, na wenzao wa ng'ambo ya mto wakawaimbia shuleni, "Meno ya chai, leteni mandazi!"

Mei 2021 alimpeleka Ciku, binti ya Mutuma, kwa daktari wa meno mjini Embu, akaelezwa kwamba maji ya kisima yana madini ya floraidi kupita kiasi, kwamba yanaharibu jino likiwa bado ndani ya ufizi, na kwamba kuyachemsha maji hakuyaondoi madini hayo bali huyazidisha. Nyumbani akasema tu, "Daktari anataka Ciku apige mswaki vizuri." Ciku akapiga mswaki mpaka ufizi ukatoka damu.

Januari 2025 aliugua figo, na mwezi wa Juni, akiwa wodini, akamweleza Mutuma ukweli. Mutuma akamuuliza, "Na hawa wadogo, baba?" Akajibu, "Ningekifunga kisima, mngerudi mtoni," akageukia ukutani. Pengine alikuwa akimwona Njoka, pengine aliona haya, mimi siwezi kumhukumu. Kamati nayo, ilipoelezwa na Mutuma, ilisema haiwezi kufunga kisima cha mzee akiwa hai, ikangoja, hadi alipotutoka tarehe 14 Septemba. Watoto waliozaliwa miaka hiyo minne ya kunyamaza ndio hawa waliokaa mbele yenu, meno yao ya ukubwani bado yamo ndani ya ufizi, na hakuna ajuaye yatatoka vipi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake wa zamani. Mjomba, umechoka, lala kwa utulivu.

Jumanne familia na kamati tuliamua kwamba maji ya kisima yatabaki ya mbuzi na ya kufulia, na watoto watakunywa ya mvua kutoka tangi la kanisa, ambalo sasa limebaki nusu. Kwa hivyo ukikuta bomba la langoni limefungwa, usimlaumu Mutuma, aliyelifunga ni mama Cicily mwenyewe, leo asubuhi, kabla mwili haujaletwa, na ufunguo anao yeye.